Mbao Nilizokuletea

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuongea na wewe bila kuanza hivyo.

Hapa Ujiji bado wanasema ulizeeka ukashindwa kazi, ndiyo maana mtumbwi ulioutengeneza mwenyewe ukakuzamisha. Walisema hata msibani. Nikanyamaza, Baba. Nilinyamaza, na mimi ndiye niliyekuletea zile mbao.

Zilishuka kwenye treni, zimetolewa kwenye chombo kuukuu cha pwani, zimepigwa randa zikapendeza. Uligonga moja, ukatega sikio. "Tausi, hii mbao mbona nyepesi?" Nikakujibu imekauka tu, bila hata kuikagua. Ukacheka, ukachukua msumeno. Uliniamini.

Mtumbwi ulipopasuka pale Bangwe, wakauvuta ufukweni, nilisubiri watu watawanyike nikakata ubao mmoja. Ndani matundu matupu. Kidole changu kiliingia, na kuta za matundu hayo ni nyeupe kama ganda la yai. Kwa nje palikuwa na vitobo vidogo kama vya sindano tu, vimezibwa kwa gundi. Bwana samaki wa idara ya uvuvi akaniambia ni mnyama wa baharini, jamii ya chaza, mwili kama mnyoo, anayetoboa mbao zilizo majini. Ziwani kwetu hawezi kuishi. Alishakufa zamani, yakabaki matundu. Ungemjuaje wewe, uliyefanya kazi ziwani maisha yako yote?

Mbao zilizobaki ulimpa mdogo wako, Hamisi. Akaundia mtumbwi wake. Siku nne nilimwona akipakia watu, mdomo ukagoma. Jana asubuhi niliingia majini na nguo zangu, nikashika kamba.

"Baba mdogo, usiondoke. Hizo mbao ndizo zilizomuua Baba. Nilizileta mimi."

Abiria wakashuka. Akachukua shoka, akapasua ubao, akaona. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulijua tangu msibani?" Kisha akaenda zake. Mama naye ananiwekea chakula, halafu anageukia ukutani. Sijui nitaishije humu ndani. Sijui.

Sikuombi msamaha. Huwezi kunijibu, na nikijiambia umenisamehe nitakuwa nadanganya tena.

Pumzika, Baba. Leo wakitoka swala ya Ijumaa nitasimama nje ya msikiti, mbele ya wote waliokuzika, niwaambie kazi yako haikuwa na kasoro. Wakitaka niondoke Ujiji, nitaondoka. Lakini watanisikia kwanza.

Mwanao,
Tausi