Babu wa Neno la Maji

Bagamoyo, Jumamosi, Oktoba 1968

Na mgongo huu wa kubeba chumvi, nimekwenda tena kwenye darasa la Kiesperanto la yule padri. Leo neno moja tu: akvo, yaani maji. Eti babu yake ni aqua wa Kilatini. Lugha imetungwa juzi na mtu mmoja, nayo ina nasaba kama wakubwa wa mji huu!

Kesho Athumani, mshenga wangu, anakwenda kuniposea Mwanahamisi. Mjomba wa binti keshaniuliza, "Wewe mbara, wa ukoo gani?"

Athumani anacheka: "Tuseme babu yako Mshirazi, bwana!"

Naogopa kukataliwa. Lakini babu yangu alichimba visima Kondoa, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Athumani akaseme. Huyo mjomba naye, maji si anakunywa?