Nakosa Makusudi Kuizamisha Meli ya Mauricio

Shangazi Modesta mpendwa, shikamoo, nimekwama vibaya na naomba uninasue kabla ya Jumamosi, mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Mikindani, jina langu lifiche tafadhali. Kila Jumamosi mimi na rafiki yangu Nasra tunapigana na Mauricio na Zuberi, mchezo wa vita vya manowari za chuma, sebuleni kwa kina Nasra, mto tumeuchora juu ya mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja, ni Ruvuma pale unapokaribia bahari, manowari ni makopo ya samaki, na mafungu ya mchanga ni korosho mbichi, kila raundi mtu anazirusha na zinapoangukia ndipo meli inakwama. Shangazi, ni raha mpaka Jumatatu mwalimu anafundisha mimi nacheka peke yangu.

Sasa kupiga mzinga ni hivi, unakisia umbali kwa macho, unautaja, ndipo rula inashuka, ukipatia, meli ya mwenzio inazama. Mama yangu ni fundi cherehani, mimi kitambaa nakijua urefu kwa kukitazama tu, kwa hiyo naungama, kila siku umbali naujua na kila siku nataja uongo. Sababu ni mazishi. Tulijiwekea kwamba meli ikizama inazikwa, na aliyeizamisha ndiye mtani wake, lazima asimame mbele ya wote amseme marehemu, kama watani wanavyofanya msibani. Mauricio alipoizamisha meli ya Nasra alilia kwanza kwa sauti ya bibi kizee, "Jamani marehemu! Alikuwa anakula makaa kama yuko harusini! Akipiga mzinga, samaki wanampigia makofi!" Nasra mwenyewe alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Mimi nikisimama mbele ya watu, Kiingereza kinakimbilia Lindi, Kiswahili kinakimbilia Newala, nabaki na mate tu.

Nasra kachoka. "Shoga, macho yako yana nini? Ile meli ilikuwa kubwa kama gati la bandarini!" Kaenda kumwambia mama nipelekwe kupimwa macho, na mama sasa hata kutunga uzi kwenye sindano haniachii.

Jumamosi iliyopita Mauricio alirusha korosho mwenyewe, zikaangukia chini ya pua ya meli yake, inaitwa Jeuri, sasa imekwama imelala ubavu kama mbuzi aliyeshiba, adhana ya magharibi ikatukatiza, tukaufunika mto kwa kanga, na zamu ni yangu. Nasra kasema nikikosa tena atacheza na Claudia, bora Claudia anaona. Na mimi sina rafiki mwingine.

Kinachoniudhi ni kwamba maneno ninayo! Nimeyatunga nikiosha vyombo, "Marehemu Jeuri alikuwa na bomba la moshi refu kuliko akili ya nahodha wake! Kapewa Ruvuma nzima, kaenda kulalia korosho!" Nikacheka mpaka sahani ikaniponyoka.

Nipige au nikose, Shangazi?

Nahodha Bubu, Mikindani

*

Marahaba, Nahodha. Kwanza pole, pili acha ujinga.

Haya zako nazielewa. Mimi nashauri watu kwa maandishi, unadhani kwa nini? Lakini Nasra anaamini unapofuka. Kahangaika mpaka kwa mama yako, na wewe umekaa kimya unaangalia mwenzio anashindwa kwa ajili ya haya zako. Na mama wa watu anahangaika na sindano wakati binti mwenye macho ya mwewe yupo jikoni anavunja sahani!

Bubu nani? Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wetu, ambaye hacheki hata siku ya mshahara, kaniomba nirudie pale pa korosho.

Kwa hiyo piga. Mwambie Nasra ukweli kabla kanga haijafunuliwa. Atafoka, mwache afoke, chai ikichemka atakuwa keshapoa. Kisha taja umbali wa kweli. Jeuri ikizama, simama, shika mgongo wa kiti, na uitazame meli, usimtazame Mauricio. Marehemu hajibu. Lile la bomba la moshi nimeshalimwaga hapa gazetini, tunga jingine. Vyombo vya kuosha havijaisha kwenu.

Na kama bado moyoni unapanga kukosa, sikiliza. Uliniomba nilifiche jina lako, nimelificha. Hukuniomba niifiche meli. Gazeti hili linafika Mikindani Ijumaa asubuhi, na Nasra naye anajua kusoma.

Vaa ndala, mwanangu. Kimbia.