Mpira Umetoa Viputo

Kibanda cha Baiskeli,
Nyuma ya Soko.
14 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako limeacha kulia kama mnyororo mkavu? Huku sote wazima. Bibi anakohoa kidogo, lakini kutukana anatukana vilevile, kwa hiyo hana neno. Mimi ndiyo usiniulize. Nina hasira mpaka chai hainishuki.

Nilikuahidi kuja huko na timu ya mpira wa meza mwezi ujao, unione nikicheza baada ya miaka sita. Nafasi ilibaki moja, tukaigombania mimi na kinyozi, yule anayeanzisha mpira taratibu kama anampaka mtu povu kidevuni. Nilimchezesha, Mjomba! Kulia, kushoto, akawa anahangaika kama mtu aliyeangusha funguo.

Seti ya mwisho, yeye kumi, mimi tisa, na wa kwanza kufika kumi na moja ndiye mshindi. Nikapiga kombora, mpira ukarudi, ukagusa upande wangu, ukalala kama tairi lisilo na upepo. Na nilisikia “tk”. Sikio langu linajua pancha ya baiskeli inayopita barabarani, litashindwa na kampira?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpira ukipasuka mkiwa mnacheza, pointi inarudiwa. Kosa langu ni moja tu: kinyozi alininyooshea mkono, nami kwa adabu nikaupokea kwanza, ndipo nikalalamika. Refa, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa hesabu, akautikisa mpira sikioni. “Mzima huu. Kubali kushindwa, kijana.”

“Mwalimu, naomba karai la maji.”

“Tuuogeshe?” Ukumbi mzima ukacheka.

Mama wa usafi akaleta karai. Nikauzamisha mpira, nikaubana kama ninavyobana tyubu. Viputo vikapanda mfululizo! Hata kinyozi akasema, “Aisee, kweli umetoboka.” Mwalimu akakohoa: “Mmeshapeana mikono. Mchezo umekwisha.”

Eti mikono! Tangu nianze ufundi sijaona mkono unaoziba pancha. Bibi naye anasema kila siku ananiita sina adabu, na siku niliyokuwa nayo ndiyo imeniponza.

Mjomba, wewe ni refa huko na kitabu cha sheria unacho. Waandikie kamati kabla timu haijaondoka. Sitaki ushindi wa bure, nataka pointi ile moja irudiwe. Nikishindwa kihalali, nitampigia kinyozi makofi na kichwa nitampa anyoe.

Msalimie sana mkaza-mjomba, na wale mapacha waambie bado nawashinda kwa mkono wa kushoto. Mungu akuzidishie macho ya kuona hata ufa mdogo.

Wako akupendaye na aliyeonewa,
Kiraka

Tena: mpira wenyewe uko humu kwenye kifurushi, ndani ya soksi. Soksi ni safi. Mapacha wasiuguse. Utie kwenye maji, ubane polepole. Vikipanda viputo, andika barua saa hiyohiyo. Begi nimeshafunga.