Sahani Nyekundu Juu ya Yuka

Jumapili, 27 Oktoba

Leo asubuhi binti yangu Majken ameivisha kofia yake yuka, ule mmea wa Mama mkwe wenye majani marefu. Ile ya sufu ya kijani, yenye kishungi. Amesimama kwa ncha za vidole, akairusha juu ya majani, ikanasa kwenye ncha moja. Halafu akarudi kwangu kichwa wazi, masikio mekundu, akasema, "Sasa haisikii baridi." Nimecheka mpaka nikashika mlango. Miaka mitatu hajatimiza huyu!

Basi naandika hapa kwenye ngazi ya kibanda cha bustani, mtoto kajifunga skafu yangu kichwani, na kofia imebaki kwa yuka.

Leo tumeifunga kwa ajili ya baridi. Yaani nimefunga mimi. Mama mkwe hawezi kuinama tangu wamfanyie upasuaji wa nyonga, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha kukunja katikati ya njia, termosi ya kahawa pembeni, akawa anatoa amri. Kusanya majani juu. Si hivyo. Kama unamfunga mtoto nywele. Majani yenyewe ni magumu kama visu, na kila ncha ni sindano — mikono yangu yote imechanika. Tumeyafunga kwa soksi zake ndefu za nailoni, maana kamba hukata jani, soksi haikati. Halafu matawi ya msonobari kuzunguka shina. Halafu blanketi kuukuu. Halafu plastiki, na kamba juu ya plastiki. Mwisho ikafanana na mtu anayesubiri basi kwenye mvua. Majken akapanda kiti kuirudishia kofia.

"Na mtu asiifungue mpaka Valborg," Mama mkwe akasema. Mpaka siku ya mioto, mwisho wa Aprili. "Mtu yeyote."

Yuka hii ameipanda yeye, mume wangu Torkel akiwa mdogo. Imechanua mara nne tu, na kila mara ina picha yake ukutani kibandani. Kwenye moja Torkel anacheka bila meno ya mbele, na maua meupe kama vikengele yamempita kichwa.

Tulipokuwa tunakunja kiti ndipo akasema lile jambo. Kwamba mwakani hawezi tena kulima. Chama cha bustani kinataka jibu siku ya Valborg: kipande hiki cha bustani kibaki kwetu, au wapewe watu walio kwenye foleni. Nikamwambia sisi tungekitaka sana. Akaniangalia. "Mtoto unajua kumlea, hilo nimeliona. Bustani bado sijaona. Tuone kama yuka itaamka."

Ndiyo hivyo. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, hata kibaraza hatuna. Hapa Majken anaongea na minyoo. Nakitaka kipande hiki kuliko ninavyoweza kusema mbele ya mtu.

Jumamosi, 9 Novemba

Theluji ya kwanza, kama unga uliomwagika. Imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Mama mkwe alinipa pia kichipukizi tulichokichimba kando ya yuka kubwa. Nimekipanda kwenye ndoo ndogo. Nilikiweka jikoni, nikikihurumia, na tayari kimerefuka vibaya na kupauka kama mtu aliyekaa hospitali. Nikampigia simu. Akauliza kama nakipika. Kitoe huko! Sasa kiko kwenye dirisha la ngazi za jengo, penye baridi isiyogandisha, na maji ni kikombe cha kahawa kwa mwezi, basi. Ajabu kweli. Mmea unaougua kwa kupendwa.

Majken anakiaga kila tukishuka.

Ijumaa, 13 Desemba

Lucia, sikukuu ya taa. Majken alivaa gauni jeupe na taji la taa za betri, akaimba mstari mmoja tu wa wimbo, huo huo, mpaka wenzake wa chekechea wakamaliza na kukaa. Torkel alilia. Anakataa, lakini alilia.

Nimetoka kazini na maandazi ya zafarani yaliyobaki — wazee wa kule ninakopika hawayamalizi. Majken ameficha moja mfukoni. La nani? La yuka.

Jumapili, 12 Januari

Digrii kumi na nane chini ya sifuri. Vinyweleo vya ndani ya pua vinaganda. Gari limekataa kuwaka.

Nilikuwa nawaza yuka, nikasema kwa sauti, sijui inaendeleaje masikini. Torkel alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya maktaba. Akasema ile ina blanketi, plastiki na kofia, yeye mume wangu hata glavu moja haioni, na hajasikia mtu akimwita masikini. Nimempa glavu zangu. Zimemfika nusu ya mkono.

Jumamosi, 22 Februari

Lazima niandike hii yote kabla Majken hajaamka.

Theluji inayeyuka! Wiki nzima jua, kila paa linadondosha maji. Tulinunua yale maandazi ya krimu ya msimu huu, mimi na Majken, tukaenda kuyala bustanini, yeye akiburuta sahani yake ya kutelezea kwenye theluji — ile nyekundu ya plastiki aliyopewa Krismasi. Theluji yenyewe imebaki mabaka tu, lakini hawezi kwenda mahali bila sahani.

Evald alikuwa upande wake wa ua, jirani yetu wa bustani, mzee mwenye maneno mengi. Akauliza Gunvor, yaani Mama mkwe, anaumwa kiasi gani hata ameacha kuja kumtazama mgonjwa wake. Nikasema mgonjwa gani? Akaonyesha yuka kwa kidevu. Nikamwambia Mama mkwe ameagiza isifunguliwe mpaka Valborg. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Majken, huyo mkweo kila Februari alikuwa hapa. Anakuja na baiskeli, eti kulisha ndege. Anafungua plastiki, anaipepea kwa mfuniko wa sufuria kama mtoto mwenye homa, anafunga tena kabla jua halijazama. Miaka yote! Baridi haiui hiyo. Kinachoiua ni maji."

Nilibaki nimesimama na krimu kidoleni. Mtu yeyote, alisema. Hakusema kwamba yeye hayumo.

Nikajiambia nifungue kamba ya juu tu, ninuse. Nikaingiza mkono. Joto. Na blanketi limelowa, zito kama nepi ya asubuhi. Na uvundo! Basi sikufikiri tena. Nimevua plastiki yote, nimevua blanketi. Majani ya chini yamekuwa meusi, yanateleza, yakatoka yenyewe mkononi. Ya juu siwezi kusema. Soksi sijazigusa.

Hapo nikaona kosa jipya. Bila plastiki, mvua itaingia moja kwa moja katikati ya majani, palepale penye moyo wake. Inataka paa, si nguo. Kibandani hakuna kitu — ndoo yenye tundu, viti. Nikageuka, nikaiona sahani nyekundu. Majken akaniona ninavyoiona.

Sikumnyang'anya. Nilipiga magoti nikamwomba.

"Ni yangu," akasema.

Ni yako.

"Itarudi?"

Itarudi, yuka ikiamka.

Akaileta mwenyewe, akiiburuta kwa kamba yake polepole, kama mtu anayempeleka mbwa kwa daktari. Tumechomeka fito tatu, tumeifunga juu kifudifudi. Maji yanateleza pembeni, upepo unapita chini. Evald akasema ni kofia nzuri kuliko ya kwanza. Majken hakucheka. Njiani hakutaka mkono wangu, alitaka kubebwa.

Jumatatu, 24 Februari

Nimempigia Mama mkwe. Torkel alisema anisaidie kusema, nikakataa. Mimi ndiye niliyefungua.

Nikamwambia yote, mpaka sahani.

"Nani kakuambia?"

Evald.

"Evald ana mdomo." Nikasikia anakaa, kile kiti chake kinalia. "Kulikuwa na harufu?"

Nikasema ndiyo, Mama. Kama viazi vilivyosahauliwa kabatini.

Akasema, "Haya." Akakata.

Haya gani? Nimeigeuza kila upande, hiyo haya.

Alhamisi, 6 Machi

Theluji imerudi! Mpaka magotini. Watoto wote wa jengo wako kilimani na sahani zao. Nilikuwa naogopa kilio, nimejiandaa na biskuti kabisa. Mtoto mmoja akamuuliza Majken yako iko wapi. Akajibu, mikono nyuma kama mzee, "Yangu iko kazini."

Torkel akapanda nyumbani akashuka na trei ya oveni. Wameshuka nayo kilima wote wawili, wamepitiliza hadi kichakani. Trei imepinda. Sijasema kitu. Huyu mtoto angetaka trei zote za nyumba hii leo, ningempa.

Jioni baridi imeshuka hadi digrii kumi na tano chini ya sifuri. Na yuka haina nguo, kwa mkono wangu.

Jumapili, 6 Aprili

Imekuwa kahawia. Majani yote ya nje, kahawia kama karatasi ya mfuko. Katikati hapaonekani kwa sababu ya soksi, na soksi sizifungui.

Evald anasema kuna njia ya kujua. Unashika jani la moyo, lile la katikati kabisa, limechongoka kama penseli, unalivuta kidogo. Likichomoka kama kijiti kwenye siagi, imekufa. Likikushikilia, inaishi. Mara mbili nimeingiza mkono hadi pale, nikautoa. Nikaenda kupalilia.

Torkel anasema mama yake alimuuliza kama bado naenda huko. Akamwambia karibu kila siku nikitoka kazini. Akasema mm. Basi. Ama haya, ama mm, ndiyo maneno yake siku hizi.

Nimepanda mstari mmoja wa njegere. Majken alizitumbukiza moja moja, kila moja akiiambia lala. Kama kipande watapewa watu wengine, watakula wao. Siwezi kuona udongo umelainika hivi nikauacha mtupu. Na kile kichipukizi cha kwenye ngazi kimetoa jani jipya, fupi, gumu, la kijani hasa. Nimefurahi siku nzima, hata sijui kwa nini nina hofu na furaha kwenye kifua kimoja.

Jumatano, 30 Aprili

Tena kwenye ngazi ya kibanda. Jua. Moshi wa kuni tayari unanukia, wanapanga moto wa jioni kule uwanjani, na mwenyekiti wa chama atapita hapa kabla haujawashwa, achukue jibu.

Njegere zimeota! Si mstari, zimetawanyika kama watu wanaotoka kanisani, lakini zimeota.

Mama mkwe amekuja na fimbo moja tu, ile nyingine kaiacha nyumbani. Hakunisalimu kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye yuka, akaizunguka. Akagonga sahani kwa fimbo, ko ko. Akauliza ni ya nani.

"Yangu," Majken akasema. "Iko kazini, Bibi."

"Naona. Inalipwa vizuri?"

Majken akafikiri, akasema inalipwa andazi. Bibi yake akamkalisha magotini, nyonga na yote, akammiminia maziwa kwenye kifuniko cha termosi. Na hapo, akiiambia termosi, si mimi, akasema alidhani kufika Februari atakuwa amepona, aje mwenyewe kama siku zote. Na kwamba angetuambia tuifungulie hewa, tungeifungua ovyo, kila siku, mpaka igande. "Kwa hiyo nikasema mtu yeyote. Ikawa inaoza humo kwa neno langu."

Nikasema mimi ndiye niliyeiacha kwenye baridi ya Machi. Akasema baridi yuka inaijua. Halafu akanisogezea kikombe chake mwenyewe cha kahawa, nusu, chenye sukari anavyopenda yeye. Nimekinywa chote.

Sasa Torkel ameshusha sahani. Majken ameikumbatia, anaipangusa kwa mkono wa koti. Torkel anakata soksi. Moja. Ya pili. Majani yanaanguka kando, makavu, yanalia kama gazeti. Mengi kahawia. Katikati naona rangi nyingine, ila jua liko nyuma yake, na kutoka hapa sijui kama ni kijani au ni macho yangu yanayotaka. Ndiyo maana nimekaa huku naandika.

Evald kaegemea ua. Torkel ananyoosha mkono kulivuta jani la moyo — Mama mkwe kamgonga kwa fimbo, kidogo, kwenye kifundo cha mkono. Kamwambia hiyo si kazi yake. Torkel anauliza ni ya nani basi.

"Ni ya mwenye bustani."

Ananitazama mimi. Anasema Tyra, mwanangu, jani la moyo analivuta mwenye bustani, liwe limeoza au halikuoza, na mwenyekiti yule anakuja, hebu weka kalamu chini uje u—