Kwa Dada Gienia, Jiwe Bila Jogoo

Leo mwaka umetimia, dada, tangu asubuhi ile ya tarehe sita Novemba ulipoondoka na kuacha chai nusu glasi dirishani, na mimi bado nina hasira. Watu husema mwaka ukipita moyo hupoa. Wangu haujapata habari hizo.

Binti wa gazetini aliniambia tangazo la kumbukumbu huwa maneno sitini. Nikamwambia maneno sitini hayatoshi hata kwa kikohozi chako. Akaniuliza, "Kwani marehemu ni nani, mzee?" Nikamtajia, Genowefa Kuczera, wa hapa hapa Tarnów. Jina halikumgusa. Nikasema, "Ndiye aliyemchora Jogoo Kuśtyk, yule wa katuni." Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Andika uwezavyo, mzee. Nafasi nitaitafuta mimi." Ndivyo imekuwa mwaka mzima. Jina lako hawalijui, jogoo wako wanamlilia.

Hospitalini uliniomba kitu kimoja tu. "Ignaś, usiniwekee malaika. Malaika wa mawe wote wana sura ya mwalimu wetu wa hesabu. Niwekee Kuśtyk." Nikakubali bila kufikiri. Jiwe lenyewe huwekwa mwaka ukikaribia, udongo ukishatulia, kwa hiyo muda nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni jogoo.

Fundi wa mawe, Bwana Kotas, alisema, "Niletee mchoro wa mkono wake. Mimi nachonga, sibuni." Basi mimi na mke wangu Felicja tukaipindua nyumba yako. Tukakuta vioo vitatu ulivyokuwa ukijitazamia unapotengeneza sura za kuku mwenye wivu. Tukakuta penseli fupi kama vipisi vya sigara, na maganda ya mbegu za alizeti hata ndani ya viatu. Jogoo hata mmoja hatukumpata, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi.

Nilipaswa kujua. Si ndivyo mlivyokuwa mkifanya pale studio? Kila picha mlipaka rangi kwenye plastiki angavu, mkaipiga picha kwa kamera, halafu mkaiosha kwa sabuni ili mchore nyingine, maana plastiki zilikuwa adimu. Wenzako walizipeleka kwa waoshaji. Wewe ulizileta nyumbani ukaziosha kwenye bafu Jumamosi, huku unaimba vibaya. Siku moja nikakwambia, "Dada, huoni uchungu? Majogoo mia wanaingia kwenye mtaro."

"Hawa wameshaingia kwenye televisheni," ukanijibu. "Nishikie ndoo."

Na zile za karatasi ulimpa kila mtoto aliyegonga mlango. Aliyekuja kuomba chumvi kwa niaba ya mama yake aliondoka na chumvi na jogoo. Ulikuwa mkarimu mpaka unaudhi, Gienia. Hukujiwekea hata mmoja wa kaburi lako.

Nikawaandikia studio. Siku hizi ni kampuni yenye milango ya vioo, na mlinzi anayekuuliza umetumwa na nani. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili haikujibiwa, nikapiga simu. Akapokea binti mwenye adabu nyingi.

"Mzee, Kuśtyk ni mali ya kampuni. Kumchonga mahali pa umma kunahitaji kibali."

"Mahali gani pa umma? Ni kaburini kwa dada yangu."

"Makaburi ni mahali pa umma, mzee."

"Kibali kinatolewa na nani?"

"Na idara."

"Basi niunganishe na idara."

"Idara ni mimi, mzee. Na jibu ni hapana."

Alilisema kwa upole, hata nikashindwa kumtukana. Nikaandika tena, na tena. Lubomir, mwanangu, akaniambia, "Baba, achana nao, hao watakumaliza." Nikamwambia nimeahidi, na ahadi ya hospitalini si ya kuachana nayo. Mwezi wa nane wakanitumia jibu la mwisho, pamoja na nakala ya karatasi uliyotia sahihi mwaka 1969. Ukurasa mmoja tu. Unawapa jogoo, kilemba chake, sauti yake na mwendo wake, milele. Chini kuna sahihi yako, na kando yake doa.

Kwenye nakala doa ni jeusi. Mimi najua lilikuwa jekundu, kwa sababu nilikuwepo.

Nimelificha jambo hili mwaka mzima, acha leo nilitoe. Uliileta karatasi ile jikoni kwetu uisome taratibu, maana uliishuku. Nami nilikuwa nimetoka karakana ya reli na njaa ya mbwa. Supu ya bitiruti ilikuwa mezani. Nikakwambia, "Tia sahihi tule, supu inapoa. Nani ataiba jogoo?" Ukacheka, ukatia sahihi kwa mkono wa kulia, kijiko kikiwa mkono wa kushoto. Maji yakishamwagika hayazoleki, wazee walisema, na supu ni hivyohivyo.

Nilimwonyesha Felicja ile nakala. Nikamwambia, "Ni mimi niliyemwuza jogoo wa dada yangu." Aliitazama, akasema, "Basi mlaumu na mpishi. Supu ilikuwa yangu." Tulikuwa tumekaa mezani palepale.

Kilichonikaa kooni zaidi ni neno "mwendo". Huo mwendo ni wangu mimi. Nilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa nyasi nikiwa na miaka saba, mguu wa kushoto ukavunjika, ukaunga upande. Shuleni waliniita kiwete, wakawa wananifuata nyuma wakichechemea. Wewe ulikuwa na kumi na moja, ukawapiga kwa mfuko wa vitabu, tukafukuzwa wote wawili wiki nzima. Miaka baadaye ukanisimamisha jikoni na karatasi zako. "Tembea kutoka jiko hadi mlangoni, Ignaś. Tena. Polepole, mguu wako unaniponyoka." Nikatembea mpaka nikakwambia kwamba mimi si punda wa kinu.

Ukaniambia jogoo wa kawaida hatua zake mbili humaliza picha kumi na mbili. Wa kwako alitaka kumi na tatu. Ile ya mwisho ni pale mguu unapositasita hewani kabla ya kukanyaga. Mkuu wako akataka uifute, ya nini kupoteza plastiki. Ukakataa. "Ukiondoa hiyo, atakuwa jogoo yeyote," ukamwambia.

Alipoonyeshwa mara ya kwanza, saa moja jioni kabla watoto hawajalala, nilijiona kwenye televisheni nina mkia na manyoya. Nikakukasirikia majira yote ya baridi, nikasema umeniuza kwa watoto wa nchi nzima. Mama alikuwa hai bado, akasema jogoo wa shamba hawiki mjini, ngojeni asahaulike. Hakusahaulika. Machipuko yalipofika, kitoto kimoja kikanisimamisha nje ya duka la mikate kikaniambia, "Babu, mimi pia naweza kutembea kama Kuśtyk, tazama." Kikachechemea kwa fahari mpaka kona. Mimi nilikuwa sijafika hata thelathini, kinaniita babu.

Nilipokusimulia, uliendelea kumenya mbegu zako. "Mguu huu walikuwa wanaucheka," ukasema. "Sasa wanauiga." Sikukushukuru. Nilikuomba unipitishie mkate na jibini.

Sasa hawa wapenzi wa jogoo wako. Dada, wamenichosha mpaka basi. Tangu mazishi wanakuja na majogoo ya manyoya bandia, mvua inayanyeshea, yanavimba yanaoza, nani anayaondoa? Ni mimi, na mgongo wangu huu. Kuna jibaba lenye ndevu hadi kifuani nililikuta linalia kwa kwikwi, linaniambia ulimlea. Nikamwambia, "Alikulea wapi? Mimi nilikuwa jirani yake, sikuwahi kukuona." Wanakuita Shangazi Gienia. Shangazi wa nani? Shangazi ulikuwa wa Lubomir na Otylia wangu, basi. Nilikuwa nikiwasikia wakikutaja hivyo naona wanakumega vipande, na kila mmoja anakwenda nacho kwao.

Mkubwa wao ni nesi mmoja, Jagoda, mwenye umri wa kama miaka arobaini na tano. Septemba akanikuta nakwangua nta kaburini, akauliza jiwe litakuwaje. Siku hiyo nilikuwa nimeshiba barua za kampuni. Nikamwambia yote kwa ukali, ahadi, karatasi, supu, mwendo.

"Mbona hukutuambia mapema, mzee Ignacy?"

"Ninyi ni nani wa kuambiwa?"

Hakunijibu kwa jeuri, nami nilikuwa namngojea kwa hamu ajibu. Alisema tu, "Mzee, naomba nikuone ukitembea."

Nikadhani ananidhihaki. Nikachukua ndoo yangu nikaondoka zangu hadi langoni, sikugeuka. Nyuma nikamsikia anasema, "Asante, mzee," kama mtu aliyepewa kitu. Nilimsema njia nzima hadi nyumbani. Felicja akachoka kunisikiliza, akawasha redio.

Oktoba Bwana Kotas akaweka jiwe. Ni la kijivu, zuri, lina jina lako na miaka yako, na chini yake nafasi tupu ya upana wa kiganja. Akanishauri tuweke ua la waridi pasikae wazi. Nikamwambia ng'o. Kama si yeye, asikae mtu. Nikasimama pale na kofia mkononi nikakuomba radhi kwamba nimeshindwa.

Halafu ikaja Siku ya Watakatifu Wote, wiki hii, siku tano kabla ya mwaka wako. Mimi na Felicja tulifika saa tisa mchana, yeye na chungu cha maua, mimi na mshumaa mmoja wa kioo kama kawaida. Tulipoingia kwenye safu yako nikaona wamepanga mishumaa ya vioo ukingoni mwa njia, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye jiwe lako. Kila kioo kimechorwa jogoo kwa wino mweusi, kila mmoja kwa mkono wa mtu mwingine. Mmoja kilemba kikubwa, mwingine mdomo umepinda, mwingine mnene kama bata. Nikamwambia Felicja, "Wameanza tena hawa."

Nikapita haraka na hasira zangu, nikiwatazama majogoo kwa pembe ya jicho tu. Na jogoo akatembea.

Sikuamini, nikasimama. Naye akasimama. Nikasogea, naye akaja, kioo hadi kioo, akainua mguu wa kushoto, akauburuta, akaruka kidogo na wa kulia, kando yangu, huku mikono tofauti iliyomchora ikimtetemesha mabega. Michoro ilikuwa mibaya, dada, lakini mguu ulikuwa wenyewe. Nikarudi mwanzo wa safu nikapita tena taratibu.

"Ignac, unalia?" Felicja akauliza.

"Nahesabu," nikamwambia.

Picha zilikuwa kumi na tatu.

Jagoda alikuwa amesimama pembeni na lile jibaba la ndevu, kama watoto waliovunja sahani. Kumbe walikuwa wamezitazama filamu zako picha moja moja hadi wakaijua ile ya kusitasita, ila hawakujua uliitoa wapi mpaka waliponiona na ndoo yangu. Nikawauliza, kwa ukali maana nilikuwa sijapata sauti nyingine, "Na wale wa kampuni wakija?"

"Watakuta mishumaa, mzee," Jagoda akasema. "Ikiisha tutaviosha vioo, tutachora tena."

Wataviosha. Hakuna aliyewaambia habari za Jumamosi zako, Gienia. Nilimwuliza, akasema hajui lolote, ni kwamba vioo ni vizuri na si vya kutupa. Nikamwambia akiviosha aniite nimshikie ndoo.

Bado nina hasira, usidhani wamenilainisha. Nina hasira na karatasi ile, na idara, na kijana mmoja mwenye njaa mwaka 1969. Nafasi ile jiweni naiacha wazi, na kibali nitakiandikia mpaka mwisho wangu, kisha Otylia ataendelea, nimeshamwonyesha barua zilipo. Lakini lile la mkate na jibini halingoji kibali. Asante, dada. Asante kwa mguu.

Wanaokukumbuka ni mimi mdogo wako Ignacy, wifi yako Felicja wa supu, watoto wetu Lubomir na Otylia, pamoja na wapwa zako wengine wote, wenye ndevu na wasio nazo, ambao gazeti hili lisingewatosha. Naam, nimeandika wapwa. Felicja amesimama hapa anahakikisha sifuti.

Daima tutakukumbuka, Shangazi Gienia. Wao kila Novemba, mimi kila ninapovuka jikoni kutoka jiko hadi mlangoni.