Tu Imekuwa Ni, na Viatu Vimekuwa Viani

Jumapili, saa kumi jioni. Jua limerudi baada ya mvua ya siku tatu. Mtaa wa Msimbazi umekauka juu, chini bado tope, na wauza mashuka wamekwisha kutandaza tena bidhaa zao kana kwamba mvua ilikuwa uzushi. Nimekaa kwenye ngazi za jengo la Mzee Jayanti, simu mkononi, nina furaha isiyo na adabu.

Kwa wageni wa shajara yangu hii ya mtandaoni: mimi ni Fundi Shoti. Kwenye pasipoti naitwa Rajabu, lakini ukimwulizia Rajabu hapa Kariakoo utapelekwa kwa Rajabu wa mahindi ya kuchoma. Ukisema Shoti, hata paka wanageuka. Nimefunga umeme mpaka Moroni, nimefika Lusaka, nasalimia kwa Kigujarati na kuaga kwa Kilingala. Shule niliishia kidato cha pili. Tuliachana kwa amani, mimi na shule, hakuna anayemdai mwenzake radhi.

Huwa nasema jina la Shoti nililipata kwa sababu ya kasi yangu. Leo ni siku ya kukiri, basi nikiri na hili: siku yangu ya kwanza kazini nilipiga shoti ghorofa nzima ikazima, na kinyozi mmoja akabaki na mteja aliyenyolewa nusu.

Sasa, mambo yenyewe.

Australia wanataka mafundi umeme. Lakini kabla hawajakutazama usoni, wanakupima kwanza kwenye karatasi. Ulifanya kazi gani, wapi, kwa namna gani, na nani aliona. Wenyewe wanaita tathmini ya ujuzi. Mimi naiita posa. Unapeleka barua, wao wanauliza ukoo.

Posa yangu ya kwanza ilirudishwa.

Barua ya ushahidi aliniandikia Mzee Jayanti, mwenye jengo hili la ghorofa tatu ambalo nimelihudumia miaka kumi na moja. Nilimwomba aeleze kazi yangu. Akaandika ukurasa mzima, kwa mkono, kwa upendo. Kwamba mimi ni mtu wa watu. Kwamba nina heshima kwa wakubwa. Kwamba mama yake alipofariki nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kurudisha viti. Neno umeme halimo hata kwa bahati mbaya. Nilipoisoma macho yalilowa, nikaituma hivyo hivyo. Nadhani kule walidhani naomba kazi ya kuzika.

Maelezo yangu mwenyewe nayo yaliwashinda. Walijibu kwa upole wa watu wanaokaribia kukufukuza: maelezo yote yanasema "tulifanya", "tulifunga", "tulipima". Nani hao? Wewe binafsi ulifanya nini? Eleza pia namna ulivyohakikisha umeme umekatika kabla ya kugusa. Jibu lifike kabla Jumatatu haijaisha, la sivyo faili linafungwa.

Jumatatu yenyewe ni kesho. Faili likifungwa naanza upya kwenye foleni, na umri wangu unakaribia ule wanaosema sasa baba kaa na wajukuu.

Nilishangaa, sitaki kuficha. Mimi! Mtu ambaye kijiweni kila hadithi inaanza na "mimi" na kuishia na "mimi", na katikati wananipa kahawa ya bure ili ninyamaze. Kalamu ikiingia mkononi nageuka kuwa kwaya.

Alhamisi nikaenda kwa Nasra, dada wa steshenari anayenichapia. Akacheka, akasema hiyo ni dakika moja tu, kompyuta inabadilisha yenyewe. Akaiamuru kila penye "tu" iweke "ni". Akabonyeza. Kweli, dakika haikuisha. Nikamsifu, nikajisifu kwa kumfahamu, karatasi nikaikunja bila kuisoma, na Ijumaa nikatembea hadi Posta kwa mama mfasiri. Yeye ndiye mwenye mhuri wa kugeuza Kiswahili changu kuwa Kiingereza cha watu wazima.

Mama yule ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alisoma hadi katikati. Kisha akaniuliza taratibu:

"Fundi, viani ni kifaa gani?"

Mtu mwenye busara angeomba aione karatasi. Mimi nikasema, "Hivyo ni vya kitaalamu, mama. Bila viani huwezi kugusa bodi ya umeme."

"Naona. Umeandika ulivaa viani vya mpira. Na manindu? Umetoboa manindu ya soketi."

"Manindu yanatobolewa ukutani. Inategemea na ukuta."

"Na hili jengo la ghorofa tani, ni tani ngapi?"

Hapo nikaiomba karatasi.

Jamani. Viatu vimekuwa viani. Matundu yamekuwa manindu. Watu wote wamegeuka kuwa wani wote, na kazi iliyoanza Jumatatu imeanza Jumatani, siku ambayo hata Waislamu na Wakristo wakikaa pamoja hawaipati. Mama aliiweka miwani yote miwili mezani akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka, maana ukiumbuka peke yako ni aibu, mkiwa wawili ni mazungumzo. Akaniambia niende nikarekebishe kwa mkono, neno moja moja, na Jumatatu asubuhi atanipokea wa kwanza kabisa.

Kwa mkono ndipo mzigo ulipokuwa.

Jumamosi nilikaa nyumbani na kalamu nyekundu. Kila nikifika kwenye "tu" nilitakiwa kuamua: huyu ni mimi, au ni Mudi?

Sijakueleza Mudi ni nani, na hilo lenyewe linanitosha aibu. Mudi ndiye mwenzangu wa kazi kwa miaka yote hiyo kumi na moja. Mtu wa maneno machache. Kijiweni akiulizwa mambo anajibu "poa", na hapo ndipo hotuba yake inapoishia. Mimi nikipanda ngazi yeye anaishika. Yeye akipanda, mimi naishika huku nikisimulia.

Nikajaribu kuandika "nilipima". Mkono ukagoma.

Maana nakumbuka siku ile nani alipima. Tulikuwa tunabadilisha bodi kuu ya jengo hili hili. Nilizima mein swichi, ile kuu ya jengo zima, nikapiga mluzi, nikachukua spana, nikanyoosha mkono. Nyuma yangu Mudi akasema, "Shoti, pima." Nikamwambia swichi nimezima mwenyewe, asinifundishe kazi. Hakubishana. Alipitisha mkono juu ya bega langu akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye shaba, na ile taa yake ndogo ikawaka. Mshona mashela wa ghorofa ya tatu alikuwa ameona giza, akawasha jenereta na kuchomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukawa unashuka kwetu kwa mlango wa nyuma.

Ile shaba ilikuwa inanisubiri mimi.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi. Katika zote, anayepima ni mimi.

Nikaona njia rahisi: Mzee Jayanti asaini tu, Mudi hana haja ya kujua. Leo asubuhi nikampelekea barua mpya yenye "ni" kila mahali. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee", akaitikia "Marahaba, Shoti", akasoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mimi nilikuwa nafungulia mlango watu wawili," akasema. "Hapa naona ameingia mmoja. Yule mwingine nilimfungia nje?"

"Mzee, wao ndio wanataka hivyo."

"Basi mwenzako asome kwanza. Akisaini Mudi, na mimi nasaini. Halafu barua yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?"

"Haikuwa na umeme, mzee."

"Umeme kila fundi anao," akasema, akaendelea na chai yake.

Nikarudi ngazini nikaandika upya yote, kwa ukweli. Palipokuwa mimi, "ni". Palipokuwa yeye, "mwenzangu". Kwenye bodi kuu niliandika hivi: nilizima mein swichi, nikadhani imetosha. Mwenzangu akapima, akakuta umeme upo. Tangu siku hiyo sigusi kitu kabla sijapima, nazima na kufunga kwa kufuli, napima, nahakikisha testa yenyewe ni nzima, napima tena, na nagonga kila mlango kuuliza nani ana jenereta. Kama Australia watanikataa kwa hilo, basi watakuwa wamemkataa mtu halisi.

Kisha nikampigia Mudi. Akaja na kandambili, na fulana yake ya Jumapili, ambayo ni ile ile ya Jumamosi ikiwa imepigwa pasi. Nikampa karatasi na kalamu nyekundu. Nikamweleza kila kitu kwa mkupuo, hata kuhusu viani.

Hakucheka. Hilo lilinitisha kuliko shaba.

"Kwa hiyo Jumatatu ikipita, umebaki?" akauliza.

"Nimebaki."

Akatazama barabara. Niliyaona mahesabu yote usoni kwake, maana nami nilikuwa nayafanya. Nani atashika ngazi. Nani atapiga kelele mpaka wateja wasikie kuwa mafundi wapo. Angeweza kusema ana haraka, atasoma keshokutwa, na faili lingefungwa.

Akaanza kusoma. Kidole chake kilipita mstari kwa mstari kama anafuata waya ukutani. Kwenye bodi kuu alisimama kidogo, akaguna, akapita. Kisha akafika kwenye habari ya friji ya Bi Zuhura, muuza juisi wa hapa chini, iliyokuwa inamng'ata kila akiifungua. Nilikuwa nimeandika: mwenzangu akagundua waya wa ethi, ule wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa ndani ya ukuta, akachimbia nondo mpya ya shaba ardhini, friji ikatulia.

Mudi akakata "mwenzangu" kwa wekundu. Juu yake akaandika herufi mbili.

Ni.

"Siyo mimi hapa," akasema. "Wiki ile nilikuwa na malaria, nimelala kwa mama. Ulikuja kunisimulia mpaka homa ikapanda."

Nikabaki mdomo wazi, na wanaonijua wanajua huwa u wazi kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimejivunia ya watu miaka yote hiyo, na langu mwenyewe, la kweli, nililolifanya peke yangu kwa magoti kwenye tope, nilikuwa nimelipeleka kwa mwingine. Mudi mwenyewe ndiye aliyelirudisha. Na kwa kulirudisha alikuwa ananisukuma niondoke.

Akasaini. Jina lake lote nililiona leo kwa mara ya kwanza, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo nalo nimelikiri, shajara, lakini lisitoke humu.

"Na wewe tukuandikie ya kwako," nikamwambia. "Naanza leo. Naandika mimi, wewe unakata kwa wekundu."

"Mimi baridi siiwezi."

"Australia kuna joto, bwana!"

"Basi nitaangalia," akasema. Kwa Mudi hiyo ni hotuba ya saa nzima.

Mzee Jayanti amesaini dakika chache zilizopita. Barua yake ya sasa ina umeme mwingi. Chini kabisa ameongeza kwa kalamu yake mwenyewe kwamba nilirudisha viti vyote. Sikumzuia.

Nimekaa hapa ngazini nikiyatafakari haya maandishi, mimi wa kidato cha pili, na nimegundua kitu ambacho walimu wangu hawakuwahi kukisema, au walikisema siku ambazo sikuwepo. Hiki kijineno "tu". Kikikaa mbele ya kazi, ni sisi: tulifunga, tulipima. Kikikaa nyuma ya mtu, hakuna mwingine: mimi tu. Herufi zile zile. Miaka yote nimekuwa nakiweka nyuma.

Je, nikifika huko nitapata wa kuniambia "pima"? Sijui. Itabidi nijiambie mwenyewe, kwa sauti ya Mudi, na bahati nzuri ni neno moja.

Kwenye maelezo nimeacha "tu" moja mwishoni, kwa makusudi: kazi katika jengo hili tuliifanya mafundi wawili. Wakiuliza nani hao, safari hii nina jibu, na lina saini.

Asubuhi na mapema tunakwenda Posta kwa mama wa miwani.

Ndiyo, tunakwenda. Mudi amesema ananisindikiza, na ameniagiza nisisahau kuvaa viani.