Siku Tulipokwenda Mbeya Kuona Ndege

Mama yangu uliyelala Rungwe,

Jana wajukuu zako waliniuliza ni safari gani ya utotoni iliyonifurahisha kuliko zote. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema: Mbeya, ulipotupeleka mimi na mdogo wangu Ambokile kuona ndege ikitua. Wakacheka mpaka basi. Wao ndege ikipita juu ya paa hawainui hata shingo. Nikaona bora nikuandikie wewe, unayeijua siku ile, na pia kuna uongo niliokuambia uwanjani ambao sijautengua mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi nina miaka tisa, Ambokile sita. Baba alikuwa amepandishwa ndege pale Mbeya na vijana wenzake kwenda migodini, huko kusini, na tangu aondoke ulikuwa hulali. Wanawake mtoni walikujaza maneno. Eti ndani ya ndege watu hufungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, eti wengine hushushwa wamekwisha kufa kwa baridi. Asubuhi moja ukatupa jembe chini ukasema, "Nakwenda kuona mwenyewe kama watu wanashuka wazima. Na ninyi mnakuja, muione Mbeya."

Ee mama, furaha ile! Tulipanda juu ya magunia ya mpunga kwenye lori, baridi ya milima ya Uporoto inatukata masikio, na wewe unatuimbia ili Ambokile asitapike. Akatapika vilevile. Mbeya tukaikuta ina barabara pana, na mafundi cherehani wamejipanga kwenye baraza za maduka ya Wahindi, miguu yao ikienda bila kupumzika. Ambokile alipofungua bomba la sokoni alipiga kelele, "Mama! Mto umefungwa kwenye chuma!" Akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mimi nikapiga goti kumwamkia kila mtu mzima tuliyekutana naye, kama ulivyotufundisha, hata ukanivuta sikio: "Mwanangu, hapa mjini ukiwaamkia wote tutafika kesho."

Kisha ukatuingiza kwenye mgahawa wa yule mzee wa pwani mwenye kofia nyeupe. Akatuwekea chai ya maziwa na maandazi ya moto akasema, "Kuleni wanangu, ndege haiji mpaka jua lifike utosini." Kumbe mji mzima ulijua saa ya ndege! Tulikwenda uwanjani tukikimbia, andazi mkononi.

Unakumbuka watu walivyojaa? Wamama wenye watoto mgongoni, wanafunzi, mapadri wawili, kila mtu anatazama juu. Ambokile yuko mabegani kwako, anauliza kila dakika kama ndege ni ile, na kila mara ni mwewe. Ghafla ukamshusha, ukajifunika kanga kichwa kizima na kukimbilia nyuma ya mapipa ya mafuta. Nilipogeuka nikaliona lile koti refu la kijeshi. Babu, mkweo, yuko katikati ya watu!

Wanasema macho hayana pazia, lakini kwetu mbele ya mkwe ni lazima uyawekee. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe, wala yeye hamtazami mkamwana wake. Wakikutana njiani, mmoja ataingia porini. Sasa uwanja ule ulikuwa mtupu kama kiganja, pori la kuingia halikuwepo. Ukaninong'oneza, "Tusekile, turudi. Hatuwezi kusimama hapa." Ambokile akaangua kilio. Mimi nikakasirika, mama, nasema kweli, niliuchukia ukwe siku ile.

Nikaenda kumwamkia babu, maana kutomwamkia ingekuwa aibu nyingine. Nikapiga goti. Alikuwa na vumbi mpaka magotini, alikuwa ametembea siku mbili na hakumwambia mtu kijijini.

"Umekuja na nani?"

"Na mama."

Hakuuliza ulipo. Akatazama mbingu kidogo, halafu ardhi. "Kamwambie kuwa babu ameondoka."

"Lakini babu, bado upo."

"Kamwambie hivyohivyo. Naye asijue kuwa nipo."

Nikakuambia ameondoka. Ukachungulia, hukuliona koti, ukatoka mbio, na hapo hapo ngurumo ikaja! Ile ndege, mama! Ilivyong'aa, ilivyogusa majani na kuruka kidogo kama chura kabla ya kutulia! Mlango ukafunguka, ukanishika mkono mpaka vidole vikauma. Akashuka wa kwanza, akashuka wa pili, wote kwa miguu yao, na mmoja wao anatafuna kitu. Ukapiga vigelegele uwanja mzima ukageuka. "Wazima! Wanashuka wazima!" Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye majani, machozi yanakutoka. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke, nilikusikia unakoroma.

Miaka yote baadaye, hata baba aliporudi na mablanketi yake, ulikuwa ukisema, "Bahati yetu babu yenu aliondoka mapema."

Hakuondoka, mama. Wakati wewe unacheka nilimwona nyuma ya lori, amejitupia koti kichwani, uso ameuelekeza mlima Loleza, mgongo ameupa uwanja. Alisikia ngurumo yote na hakugeuka. Nilimfuata huku wewe ukimfuta Ambokile kamasi. Akaniuliza akiwa ndani ya koti lake, "Wanashuka wazima?"

"Wazima, babu. Mmoja anakula."

"Na mama yako?"

"Amecheka mpaka amekaa chini."

"Basi. Ndaga, asante, mjukuu wangu." Akashika njia ya kurudi, siku mbili nyingine. Mtoto aliyebebwa na ndege kwenda migodini alikuwa wake kabla hajawa mume wako, na babu alikufa bila kuiona ndege ikitua.

Nisamehe kwa kukuficha. Kama huko mliko mkwe anaruhusiwa kumtazama mkwe, mshukuru. Na kama bado ni mwiko, simama umpe mgongo. Atakuelewa.

Nakupenda, na leo nimekucheka pia.

Mwanao wa kwanza,
Tusekile